Katambuga

Daktari Nantume anataka msalaba.
Hasemi, lakini kila nikitikisa chekeche
husimama nyuma yangu, shingo imenyooka
kama korongo kwenye mafunjo ya Katonga.

Mimi nampa kile udongo unachokubali kutoa:
kigae chenye alama za kamba
iliyoviringishwa kabla tope halijakauka,
kiko cha tumbaku kilichovunjika shingo,
ushanga mmoja wa buluu, mdogo kuliko punje ya mtama,
uliofika huku kutoka pwani kwa miguu ya watu.

Hapa, aliandika kwenye karatasi ya kuombea fedha,
ndipo walipolala wasomaji wa kwanza
wakitoka Buddu kwenda mjini kwa Kabaka,
kitabu kimoja kwa watu tisa,
wakikipokezana kama mtoto mgonjwa.
Kituo. Akachora mstari mwekundu kwenye ramani,
akatia nukta, na nukta ndiyo sisi:
shimo la mita mbili kwa mbili
nyuma ya vibanda vya nyama choma, Lukaya,
malori yanapopunguza mwendo
na gonja huuzwa dirishani.

Sentimita arobaini: mafiga matatu.
Moja limepasuka kwa moto. Majivu rangi ya njiwa.
Daktari akapiga magoti. Ssebalamu, mpimaji wetu, akavua kofia,
nadhani ni jasho tu.
Sentimita sitini: mafiga tena.
Tisini: mafiga tena, na kando yake
chungu cha wachuuzi wa chumvi
wasiojua Injili wala Kurani,
waliojua tu kwamba kinamasi hakivukwi usiku.

"Kumbe hawakupachagua wao," alisema Daktari,
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.
Miguu ndiyo huchagua, nilitaka kumwambia.
Nikatikisa chekeche.

Sijamweleza ninachotafuta mimi.
Mama alipita hapa mwaka wa sitini na tisa,
mimi tumboni mwake, miezi mitano,
kutoka Kyotera hadi Namugongo,
na katambuga yake ikabaki kwenye tope.
Ya kushoto. Tairi la Bedford;
fundi alilipwa mayai kumi na mawili.
Akamaliza safari mguu mmoja mtupu,
na hadi anafariki
aliitaja ile katambuga kuliko alivyowataja mashahidi.

Mwishoni mwa Mei, jua la utosi,
wakatokea mahujaji kutoka ng'ambo ya Mutukula,
watu thelathini, rozari, malengelenge,
na Kiswahili chao cha Kagera.
"Hapa panapumzikwa?"
Kabla hatujajibu walikuwa wamekwisha kukaa
ukingoni mwa shimo,
miguu ikining'inia ndani ya karne ya kumi na tisa.

Mmoja wao, Kokugonza, mama wa makamo,
alitafuta mawe akayapata:
yetu, ya sentimita arobaini, yenye namba kwa wino mweupe,
tuliyokuwa tumeyapanga juu ya turubai.
Saba, nane, tisa. Akabandika sufuria.

Tulimwona Daktari akifungua mdomo.
Tukamwona akiufunga.
Ssebalamu akaenda kuleta kuni.
Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno,
na Daktari alikunywa vikombe viwili, amesimama,
akiyatazama majivu mapya
kama mtu anayesoma barua isiyo yake
lakini jina limefanana.

Waliondoka saa tisa. Namba nane ilikuwa nyeusi, haisomeki.
Hakuna aliyeisugua.

Kesho yake, sentimita kumi tu, chekeche likakwama.
Mpira. Ukanda. Msumari umeota kutu.
Katambuga.
"Hiyo ya juzi tu," Daktari alisema, "tupa."
Niliigeuza. Ya kulia. Ya mwanamume.

Sikuitupa.
Usiku, mlango nimeufunga, niliijaribu.
Inanizidi vidole viwili.